Tutaelewana, Bi Mkubwa

Siku nilipoagwa afisini mwezi uliopita, baada ya sambusa na kabla ya picha, Asha aliniuliza swali. Asha ndiye mdogo wa afisi. Ana mwaka mmoja tu katika kazi yetu ya kuwanunulia na kuwauzia watu hisa, na bado anayo ile tabia nzuri ya kuuliza mbele za watu. "Mzee Suleiman," alisema, "mteja akipanda ngazi akanambia, 'Mnatoza kiasi gani, na nani rahisi kati yenu na wale wengine?' n'mjibu nini?" Wote wakanigeukia wapate hekima za mstaafu. Nikacheka, nikamwambia nitamwandikia. Wakapiga makofi wakidhani ni mzaha.

Nilicheka kwa sababu niliona aibu. Jibu la swali lile nilikuwa nalo tangu zamani. Ni jibu la neno moja, nimelitumia karibu maisha yangu yote ya kazi, na sikutaka Asha alirithi. Kwa hiyo nimekaa kuandika. Vyeo na mishahara sitavigusa. Cheo changu cha mwisho kimeandikwa kwenye saa ya ukutani mliyonipa, na saa yenyewe tayari imesimama.

Afisi yetu ya mwanzo ilikuwa Mkunazini, mjini Unguja, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Ngazi zilikuwa za mbao, wima, na badala ya mbao ya kushikilia palikuwa na kamba. Mteja akifika juu anahema. Mkuu wetu, Maalim Haji, alikuwa akisema kwamba ngazi zile zimetufanyia nusu ya kazi, maana mtu aliyekwishazipanda hataki kushuka mikono mitupu.

Kwa Kiswahili cha wazi kazi yetu ni udalali. Mama yangu hakulipenda neno hilo. Dalali kwake alikuwa yule anayenadi makabati ya marehemu kabla arobaini haijafika. Majirani wakimuuliza kijana wake anafanya nini, alijibu, "Yupo afisini," kisha akauliza bei ya samaki. Wakati ule nilimcheka.

Vyombo vya kazi vilikuwa vitatu: kitabu cha fomu chenye karatasi za kaboni, kijaluba cha wino wa dole gumba, na mashine ya faksi. Mteja anajaza fomu, sisi tunaituma Dar kwa faksi, na mwenzetu wa kule anaipeleka sokoni. Siku yangu ya kwanza niliiingiza fomu uso nyuma. Dar wakapokea karatasi nyeupe, wakapiga simu: "Nyinyi huko Unguja mnauza nini, hewa?" Maalim Haji hakunigombeza. Alisema hewa ndiyo bidhaa yetu, muhimu ifike imeandikwa.

Maalim alikuwa mwalimu wa skuli kabla ya kuwa mtu wa hisa, na alinifunza mengi mazuri. Alinifunza kumsomea mteja fomu mara mbili kabla hajatia saini. Alinifunza kuandika idadi ya hisa kwa tarakimu na kwa maneno, na kumwacha mtu apumue ngazi zimtoke mwilini ndipo umpe kalamu. Hayo yote nimewafunza na nyinyi. Lakini ndiye huyo huyo aliyenifunza lile neno.

Kwetu, kutajiana bei hivi hivi ni ukavu wa macho. Muulize fundi cherehani ushonaji kiasi gani, atakwambia tutaelewana. Seremala naye, tutaelewana. Bibi anayempaka bi harusi singo hata hilo hasemi, anatabasamu tu. Si ujanja. Bei ya kushona kanzu mtaa mzima unaijua, kwa hiyo neno lile ni adabu ya watu wanaojuana. Maalim akalichukua akalipandisha ngazi zetu. "Mtu wa Unguja ukimtajia bei unamfukuza, Suleiman," aliniambia. "Mwambie tutaelewana, mtilie chai." Jambo ambalo ilinichukua miaka kukubali kuliona ni kwamba bei ya kununuliwa hisa haijulikani mtaani. Tulikuwa tukiijua sisi peke yetu.

Tulikuwa na kamisheni, asilimia fulani ya manunuzi, kama mawakala wote. Juu yake kulikuwa na ada ya huduma, ile ile kwa kila fomu, ununue hisa chache au nyingi. Kwa mwenye duka la dhahabu ada ile haikuwa kitu. Kwa mwenye kununua kidogo kidogo ilikuwa panya katika gunia la mchele. Na ilikuwa imeandikwa, wala hatukuficha: nyuma ya fomu, kwa Kiingereza, kwa herufi ambazo hata mimi nilihitaji miwani.

Siku moja ng'ambo ya pili ya uchochoro akafungua wakala mwengine. Msimamizi wake aliitwa Festo, kijana mzaliwa wa Kikwajuni, hapa hapa mjini, wazazi wake watu wa bara, mpole, mwenye kasoro moja machoni petu. Alibandika bei zake ukutani, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Maalim aliona ule ni upungufu wa malezi. Sisi tukampa jina, Bwana Orodha, na tulicheka sana kwa jina hilo.

Bi Mwanahawa alipanda ngazi zetu asubuhi moja, viatu mkononi, maana aliziogopa mbao. Alikuwa mkulima wa mwani kutoka Chwaka, amenizidi umri kiasi cha kuwa dada mkubwa wa mama, na viganja vyake vilikuwa vimechanika kwa chumvi.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hapa ndo kwenye hisa?"

"Ndo hapa, karibu."

"Hisa nlizozijua mie ni za mirathi," alisema, akishusha pumzi. "Mpaka mtu afe. Hizi zenu naambiwa mtu hangoji kufa."

Akanieleza anachotaka. Alikuwa ameachika zamani, akarudi kukaa kwa kaka yake. "Nyumba ya kaka si yako, mwanangu, hata kaka akiwa wako. Wifi akimkaripia paka, unajua anayekaripiwa ni wewe." Kiwanja alikuwa nacho, kipande alichoachiwa na baba yake. Mawe yalikuwepo. Kuta angezisimamisha mwenyewe pole pole. Alichokuwa akikitafuta ni paa, na si la makuti. Makuti yanataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na yeye alikuwa anazeeka. Alitaka bati, apaue mara moja, asiombe mtu tena. Alikuwa amesikia redioni kwamba pesa kidogo zikitiwa kwenye hisa hukua, na alikuwa nazo kidogo kila bamvua, zile siku za mwezi ambazo bahari inakupwa mbali na wanawake wanaweza kuufikia mwani wao.

"Nshakwenda kwa yule wa mbele," akasema, akashusha sauti. "Lo! Hata kiti sijakikalia, ananionesha ukuta. Hiki twatoza hivi, kile vile. N'kamwambia pesa zangu za bamvua, akanambia, 'Bibi, usilete kila bamvua. Ziweke, zikifika bamvua nane ndo uje, ununue mara moja.' Ananifukuza na vijisenti vyangu! Kwani mie sioni haya?"

Nilijua pale pale kwamba Festo amempa ushauri bora ambao angeupata mjini kote. Bamvua nane katika fomu moja ni ada moja. Bamvua nane katika fomu nane ni ada nane. Kilichotakiwa ni sentensi moja kutoka kwangu: bi mkubwa, yule kijana hakukufukuza, alikuhurumia. Nilikuwa nayo mdomoni.

"Haya, na weye watoza kiasi gani?" akaniuliza.

"Tutaelewana, bi mkubwa."

Uso wake ukafunguka. Akakaa. "Ahsante, mwanangu. Mtu na adabu zake. Weye ndo rahisi."

Sikusema kwamba mimi ni rahisi. Naliandika hili kwa sababu kwa miaka mingi nilijitetea nalo. Alilisema yeye, nami nikamtilia chai.

Akawa anakuja kila baada ya bamvua, miaka minne, hakukosa. Saini yake aliiandika kwa herufi za Kiarabu, taratibu, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Mara nyengine aliniletea pweza mkavu kwenye mfuko, zawadi ya kunishukuru kwa urahisi wangu. Nilimla.

Karatasi ya manunuzi ikirudi kutoka Dar niliikunja mara mbili kabla sijampa. Ada ilikuwa mstari wa nne kutoka juu, na mkunjo wangu ulipita hapo hapo, ukaufanya mstari uonekane kama alama ya karatasi. Neno nilifunzwa na Maalim. Mkunjo ule hakunifunza mtu, niliubuni mwenyewe, na ndio unaonifanya mpaka leo nisipende kukunja hata shuka.

Mtaniuliza kwa nini. Makao makuu walihesabu fomu, si ukubwa wa fomu, na afisi yenye fomu chache ingefungwa. Hayo ni kweli, na nilikuwa na watoto wanasoma. Lakini sababu kubwa ilikuwa duni zaidi. Baada ya mwezi wa kwanza niliona haya kumwambia, kwa sababu ningelazimika kumweleza na ya mwezi uliopita. Baada ya mwaka ningelazimika kueleza ya mwaka. Haya yangu ilikua kila bamvua, na ndiyo iliyokuwa ikikua vizuri kuliko hisa zake.

Mwaka wa tano alikuja bila ya pesa. Kuta zilikuwa zimesimama, na wifi yake alikuwa amekwishasema neno. "Kabla ya masika nnataka nihame, mwanangu. Uza zote." Nikauza. Hisa zake zilikuwa zimepanda, tena vizuri, na nataka mlielewe hilo, maana zingekuwa zimeshuka ningekuwa na pa kujificha. Pesa zilipokuja nikampa karatasi yake, imekunjwa.

Alikuwa amekwishamuuliza fundi mabati mangapi. Vidole vikahesabu ndani ya buibui, akarudia tena kuhesabu.

"Mbona zanunua upande mmoja tu wa paa?"

Nikajishughulisha kufunga kitabu cha fomu.

"Basi labda nmehesabu vibaya," akasema. "Mie si msomi."

"Hisa ndivyo zilivyo, bi mkubwa," nikamwambia.

Katika maisha yangu ya kazi nimesema maneno mengi ya nusu nusu. Hilo lilikuwa uwongo mzima. Na yeye, badala ya kuniuliza zaidi, akanifariji mimi. "Usione tabu, mwanangu. Alhamdulillahi, upande mmoja si haba." Akashuka ngazi, viatu mkononi.

Nilitoa faili lake. Halikuwa likifungika kwa wingi wa fomu. Nikajumlisha zile ada kwa mashine ya hesabu, nikagawa kwa bei ya bati moja, nisiamini, nikarudia. Upande wa pili wa paa ulikuwemo mle ndani, kasoro mabati mawili au matatu.

Nikaenda kwa Maalim Haji, nikamweleza.

"Ulimdanganya?" akauliza.

"Mwanzo hapana, Maalim."

"Ulimtoza zaidi ya kilichoandikwa?"

"Hapana."

"Basi, una nini?"

Akarudi kwenye gazeti lake. Ila siku hiyo chai yake ilipoa mbele yake bila kuguswa, na hatukulizungumza jambo hilo tena mpaka alipofariki, Mungu amrehemu. Nilikalia kiti chake. Ningeweza kulibadilisha neno siku ile ile niliyokikalia. Sikulibadilisha.

Bi Mwanahawa aliniita Chwaka kwenye dua ya kuhamia nyumba. Nilitafuta udhuru nikaukosa. Nyumba ilikuwa ndogo, safi, imepakwa chokaa, na paa lake lilikuwa na rangi mbili: upande wa kibla bati linalong'aa, upande wa pili makuti. Akanikalisha upande wa bati, kwenye mkeka mpya, akawaambia watu, "Huyu ndo mwanangu wa hisa. Nusu hii ya bati ni yake. Nikilala chini yake nnamwombea." Watu wakaitikia amin. Nikawekewa pilau, nikala huku nikiyatazama makuti ya upande wa pili. Ile ndiyo nusu iliyokuwa yangu hasa, na hakuna aliyeniombea kwa hiyo.

Festo alifunga afisi yake baada ya hapo. Wateja alikuwa nao wachache, wale waliojua kusoma ukuta. Alikuja kuniaga, nikamuuliza kwa nini hakuiondoa orodha yake wakati aliona inawatia watu uchungu. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kitu cha ajabu. "Kaka Suleiman," akasema, "mimi nilidhani ile ndiyo adabu." Tangu siku hiyo sikumwita tena Bwana Orodha, lakini alikuwa amekwishaondoka, kwa hiyo haikumfaa kitu.

Faksi ikaenda, kompyuta zikaja, na sasa mtu ananunua hisa kwa simu yake akiwa barazani. Simu inataja ada kabla hujabonyeza. Haina haya, na kwa hilo imetushinda. Lakini wapo bado wanaopanda ngazi, wazee, wanawake wa vikoba vya akiba, watu wanaotaka kuona uso. Hao ndio wa kuogopewa, kwa sababu wanatuamini. Jamaa zangu wakiniuliza sasa wachague wakala gani wa bei nafuu, nawaambia wasiulize nani rahisi. Waulize: nikinunua kidogo kila mwezi mnanikata nini, na nikinunua mara moja kwa mwaka mnanikata nini? Nikiuza je? Kutumiwa pesa zangu je? Jibu liandikwe, kwa Kiswahili, mbele ya chai na si baada yake. Atakayejibu tutaelewana, mshukuruni kwa adabu zake, mshuke ngazi.

Haya nayasema vizuri sasa. Nimeyajua tangu siku ya Bi Mwanahawa, na nimeyasema tangu mwezi uliopita.

Nilipopata kiinua mgongo changu, kitu cha kwanza nilichonunua ni mabati. Nikayapakia kwenye kigari cha mizigo, nikamchukua na fundi, nikaenda Chwaka. Nilikusudia kumwambia kila kitu na kumwomba radhi. Njiani, tangu tulipopita Dunga, nilikuwa nikiyarudia maneno kimoyomoyo: ada, fomu, mkunjo, uwongo wangu. Fundi alinisikia nikinong'ona akadhani nasoma dua.

Amezeeka. Mwani hauendei tena, magoti hayataki. Makuti yale yamekuwa meusi na yameanza kutoboka, na kitanda chake amekihamishia upande wa bati pamoja na kila kitu alicho nacho, kwa hiyo katika nyumba yake mwenyewe anaishi nusu. Alitoka mlangoni akiwa ameshika ukuta, akautazama mzigo.

"Mwanangu wa hisa! Bati zote hizi za nani?"

"Zako, bi mkubwa. Za upande ule."

"Zangu?" Akanikazia macho, akayageuza kwenye gari, akanirudia tena. Niliona anavyohesabu, vidole ndani ya kanga, kama siku ile. Hakutaka kuomba mtu maishani mwake, na alinunua hisa ili asiombe. "Na mie nkulipe kiasi gani?"

Ndio ulikuwa mlango wenyewe, umefunguliwa wazi. Sikuhitaji ila kusema: hunilipi kitu, zilikuwa zako, nilikukata mimi. Nikafumbua mdomo, na ulimi, uliozoea njia moja kwa miaka yote ile, ukapita njia yake.

"Tutaelewana, bi mkubwa."

Akacheka mpaka akashika ubavu. Akaniwekea kile kiganja chake begani. "Ndo mana n'kakuchagua weye," akasema. "Yule mwengine alinitajia bei hata kiti sijakikalia."

Fundi akapanda juu, akaanza kuyashusha makuti. Nilibaki mpaka bati la mwisho likapigiliwa, na radhi yake sikuiomba.

Asha, mteja akikuuliza bei, mtajie. Mtajie hata kiti hajakikalia.